Mchanga Mweusi wa Ngazija na Nyumba Zetu



Wengi wetu tunaokaa hapa Al Wukair na Al Wakrah, kusini ya mji wa Doha, tumezaliwa Unguja, au tu watoto na wajukuu wa waliozaliwa Unguja. Lakini babu zetu walipoulizwa asili yao walijibu Ngazija. Nasaba zetu tunazihifadhi. Majina ya maulamaa wetu tunayajua, khasa Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyezaliwa Itsandra mwaka 1861, akawa kadhi Unguja na kufariki huko mwaka 1925. Ila historia ya ardhi yenyewe ya Ngazija, mlima wake na moto wake, haikusomeshwa katika madarasa ya Unguja wala haisomeshwi hapa Qatar, na watoto wetu huikuta ghafla siku wanapopelekwa kuona kwao.

Mwaka 2023 nilikwenda Ngazija nikakaa wiki tatu. Katika safari hiyo nilizuru ufuo wa mchanga mweusi katika pwani ya Hambou, kusini-magharibi ya kisiwa, chini ya nchi iliyounguzwa na mlima mwaka 1977. Makala haya ni historia ya mchanga ule. Nimeona yafaa niiandike katika kitabu chetu hiki kwa sababu mchanga wa fuo za Ngazija umo katika kuta za nyumba nyingi zinazojengwa huko kwa fedha zitokazo huku, na jambo hilo lina gharama ambayo haiandikwi katika hesabu ya fundi.

Kwanza tuutazame mlima. Ngazija ni kisiwa kilichotoka chini ya bahari kwa moto. Kaskazini upo mlima La Grille, ambao umetulia kwa muda mrefu. Kusini na katikati upo Karthala, wenye urefu wa mita 2,361, na huo ungali hai. Kilele chake si ncha bali ni shimo kubwa la upana wa kama kilomita tatu kwa nne. Mawe ya kisiwa hiki ni matundu matundu, hata mvua ikinyesha, na hunyesha nyingi sana, maji huzama chini yasipate kukaa. Ngazija nzima haina mto hata mmoja utiririkao mwaka mzima. Kwa hiyo wazee walijenga mabirika ya kukingia maji ya mvua kutoka mapaani, na mpaka leo yako maelfu ya watu wanaoishi kwa maji ya birika. Msomaji naalishike jambo hili, maana litarudi mbele.

Mlima huu umetoka moto mara nyingi. Mwaka 1858 ulitoa uji wa mawe yaliyoyeyuka, ambao siku hizi tunauita lava, ukateremka upande wa magharibi mpaka ukafika baharini kaskazini ya mji wa Moroni. Mwaka 1903 hewa ya sumu iliyotoka ardhini iliua watu 17. Mwaka 1918 ulipasuka kwa nguvu kileleni. Anayeshuka leo katika uwanja wa ndege wa Hahaya huona kwa macho yake historia hii: nchi nyeusi iliyokwaruza, kama shamba lililolimwa likageuka jiwe, kutoka barabarani mpaka baharini.

Sasa tuje mwaka 1977, ambao ni mwaka wa huzuni kwetu sote. Komoro ilijitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975, na mwezi uliofuata serikali ya kwanza ikapinduliwa. Baadaye Ali Soilih akashika uongozi. Wafaransa waliondoa watumishi wao na misaada yao. Kisha mwezi Desemba 1976 ndugu zetu waliokuwa wakikaa Mahajanga, huko Madagascar, walishambuliwa na kuuawa kwa mamia. Waliosalimika, wapatao 16,000, walirudishwa Komoro, wengi wao kwa ndege za shirika la Sabena la Ubelgiji, na ndiyo sababu mpaka leo wanaitwa Wasabena. Juu ya hao walikwisha kuwako Wangazija waliotoka Unguja baada ya mapinduzi ya 1964, na baada ya serikali ya huko kuwaondolea uraia mwaka 1968. Kisiwa kilikuwa kimejaa watu waliofika na mizigo ya mkononi tu, nacho hakina kitu cha kuwapa.

Katika hali hiyo, mwanzoni mwa Aprili 1977, ardhi ya Hambou ilitetemeka, ikapasuka ubavuni mwa mlima, mbali na kilele na karibu na watu. Lava ikateremka juu ya mji wa Singani na vijiji vya jirani. Nyumba karibu 300 ziliangamia, na watu wapatao 4,000 waliondoshwa. Haikuwa moto wa kukimbia kama wa nyika. Wazee walioshuhudia waliniambia kuwa lava ilikuja kwa kishindo kidogo kidogo, kama watu wanaovunja vyombo vya udongo, na mtu aliweza kusimama akaitazama inavyoingia uani kwake, ikajaza ua, ikaegemea ukuta, mpaka ukuta ukasalimu amri. Ipo nyumba ambayo wenyeji husimulia kuwa lava iligawanyika ikaipita huku na huku isiiguse. Kila mtu ana sababu yake ya kueleza jambo hilo, nami sitaongeza ya kwangu.

Kuna jambo moja ambalo mgeni halifahamu upesi. Desturi ya Ngazija ni kuwa nyumba ni ya mwanamke. Baba, wajomba na ndugu humjengea binti nyumba, na mume ndiye ahamiaye kwa mkewe. Tena iko ardhi iitwayo manyahuli, ambayo hupita kwa upande wa mama, kutoka bibi kwenda kwa binti na mjukuu, wala haiuzwi. Kwa hiyo lava ilipofunika Singani haikufunika migomba na minazi tu. Ilifunika mipaka, na mti uliokuwa alama, na jiwe ambalo bibi alimwonyesha mjukuu wake akamwambia, kutoka hapa ni kwetu. Mtu aliyepoteza nyumba kwa moto wa kawaida hurudi kesho yake akafagia majivu na kuanza upya pale pale. Hawa walirudi wakakuta jiwe jipya, limefunika kila kitu, na kwa siku nyingi halikuweza kukanyagwa kwa joto.

Hata hivyo walirudi. Singani ipo leo, na nyumba zimejengwa juu ya lava ile ile. Juu ya mawe niliona ukoga wa kijivu, na katika nyufa majani madogo, na penye udongo kidogo migomba. Mzee mmoja alinionyesha mahali alipokuwa akichukua udongo kwa karai, kutoka mbali, akaujaza katika mashimo ya lava ili apande. "Mwanangu," aliniambia, "mlima umetupa jiwe, udongo tumejiletea wenyewe."

Wengi hudhani kuwa mlima ukishatulia, shida imekwisha, na kilichobaki ni kujenga. Historia ya hivi karibuni yaonyesha sivyo. Mwezi Aprili 2005, na tena mwezi Novemba mwaka huo huo, Karthala ilipasuka kileleni. Safari hii haikushusha lava vijijini; ilirusha majivu. Majivu yalianguka juu ya mapaa, na mvua ikayatia katika mabirika. Katika mlipuko wa Novemba maji ya watu zaidi ya 100,000 yaliharibika, na ilibidi wapelekewe maji kwa magari katika nchi inyeshayo mvua kuliko nchi nyingi. Mwaka 2006 lava ilionekana ndani ya shimo la kileleni, na baada ya mlipuko mdogo wa Januari 2007 mlima ukatulia.

Lakini majivu ya 2005 yalibaki mlimani. Yalilala juu ya miteremko, yakaziba yale matundu ambayo zamani yalikuwa yakinywa maji ya mvua. Mwezi Aprili 2012 ilinyesha mvua kubwa mfululizo kwa siku kadhaa, na nchi isiyo na mito ikapata mito ya tope. Vuvuni, kusini ya Moroni, maji meusi yalipita kati ya nyumba yakichukua mawe, magari na vyombo vya watu. Maelfu walihama. Wataalamu waliochunguza jambo hilo wameeleza kuwa majivu ya 2005 yalikuwa na sehemu kubwa katika balaa hiyo. Basi moto ulizimika, na miaka saba baadaye ukarudi kwa sura ya maji. Kituo cha kuuangalia mlima, kilichoanzishwa Moroni mwaka 1988 chini ya taasisi ya utafiti ya taifa, CNDRS, huangalia matetemeko ya ardhi. Lakini kila mkaaji wa Ngazija siku hizi huangalia pia mawingu.

Hapo ndipo historia ya mchanga inapoingia. Mchanga mweupe tunaoujua wa Unguja na pwani ya Mrima hutokana na matumbawe na makombe yaliyosagwa na bahari. Mchanga mweusi hutokana na mlima. Lava ya moto ikigusa bahari hupasuka vipande vipande kama gilasi iliyomwagiwa maji baridi. Mawimbi huvunja majabali. Mvua huleta majivu na tope kutoka juu. Na bahari husaga yote. Ukiutazama kwa karibu mchanga ule si mweusi mtupu. Zimo chembe za kijani na za kahawia, na nyingine nzito ambazo sumaku huzivuta. Jua likipanda huwezi kuukanyaga bila viatu.

Kwa hiyo rangi ya ufuo ni kama umri wake. Penye lava ya zamani matumbawe yamepata nafasi ya kuota, na mchanga umeanza kuwa mweupe, kama Itsandra. Huko Chomoni, upande wa mashariki, mchanga mweupe na majabali meusi vimekaa pamoja. Penye lava changa mchanga ni mweusi, nao ni mchache, vifungu vidogo vilivyojificha kati ya ndimi za jiwe. Vifungu hivyo vina kazi. Ndipo mitumbwi inapopandishwa, maana kwengine kote ni jabali. Ndipo wimbi linapochoka kabla ya kufika kwenye makaburi na misikiti ya pwani. Na chini zaidi, baharini, miteremko hiyo hiyo ya lava ina mapango ambamo hukaa gombesa, samaki wa kale ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani. Mwaka 1987 Mjerumani Hans Fricke na wenzake waliteremka katika chombo kidogo karibu na pwani ya Ngazija wakampiga picha akiwa hai katika makazi yake, kiasi cha mita 200 chini. Mlima unaobomoa ndio pia unaojenga, ila hujenga polepole.

Ufuo nilioufikia mimi ulikuwa na urefu wa kama hatua mia mbili. Nilikwenda asubuhi pamoja na kijana wa ukoo wetu. Minazi iliyokuwa mwisho wa mchanga imesimama juu ya mizizi iliyo wazi, imeinama kuelekea baharini. Kijana yule alinionyesha jabali moja akasema alipokuwa mdogo akiruka kutoka juu yake akiangukia mchangani. Sasa kutoka juu ya jabali mpaka chini ni zaidi ya urefu wa mtu. Ilikuwa maji kupwa, na wanawake watano pamoja na wavulana walikuwa wakichota mchanga kwa makarai, wakautia katika magunia, wakayapandisha kichwani mpaka barabarani ambako gari lilikuwa likingoja.

Kuchota mchanga wa pwani kumekatazwa na serikali ya Komoro, na kila mtu pale alilijua hilo. Nilimsalimu mmoja wao, mwanamke wa makamo, nikamwita dada, naye akajibu kwa adabu, kijana akatufasiria. Nilimwuliza kama haogopi bahari kuwafikia. Alitua gunia lake akaniambia: "Shamba la mama yangu liko chini ya jiwe lile ulilolipita. Nami nina watoto. Hili ndilo shamba lililobaki." Kisha akaniuliza yeye: "Na nyinyi wa nje, nyumba zenu mnazijengea nini?" Sikuwa na nyumba inayojengwa Ngazija, lakini sikuona kuwa jibu hilo lingemfaa kitu.

Swali lake ndilo lililonifanya niandike. Mwezi Machi 2010 ulifanywa papa hapa Doha mkutano wa nchi za Kiarabu wa kuisaidia Komoro, na mengi yaliahidiwa. Lakini nyumba za vijiji vya Ngazija hazikujengwa na mikutano. Zimejengwa na watu walio nje, wengi wao Marseille na miji mingine ya Ufaransa, na baadhi yetu wa Ghuba, kwa fedha za kila mwezi, kwa ajili ya binti, kwa ajili ya harusi kubwa ya ada, ili ukoo usitazamwe kwa jicho la chini. Zamani nyumba za kawaida zilikuwa za makuti, na za mawe zilijengwa kwa chokaa. Siku hizi ni zege na matofali ya saruji, ghorofa mbili, na nguzo za ghorofa ya tatu zimeachwa zikingoja fedha za mwaka ujao. Kila tofali lataka mchanga, na mchanga wa karibu na wa rakhisi ndio ule wa pwani.

Tena mchanga huo ni hasara kwa mwenye nyumba mwenyewe. Una chumvi. Usipooshwa vizuri kwa maji matamu, na maji matamu Ngazija ni ya birika, chumvi hula nondo zilizomo ndani ya zege; nondo hushika kutu, hufura, na zege hupasuka. Niliona nyumba ambazo hazijamaliza miaka kumi na tano, na nguzo zake zinamwaga kutu. Fedha ya miaka ya kazi ya joto la Ghuba imesimama pale inaliwa kidogo kidogo.

Na dawa yake iko miguuni. Kisiwa kizima ni jiwe jeusi. Jiwe hilo huvunjwa katika machimbo, likasagwa, likatoka kokoto na mchanga usio na chumvi, mzuri kwa zege. Ni ghali kuliko gunia la pwani, kwa sababu lataka mashine na gari. Hapa tulipo tunao mfano wake mbele ya macho. Ardhi ya Qatar ni ya mawe laini ya chokaa, yasiyofaa kwa zege la nguvu. Kwa hiyo nchi hii huagiza jiwe jeusi liitwalo gabro kutoka milima ya Falme za Kiarabu na Oman, likaletwa kwa meli mpaka Mesaieed, kusini kidogo ya hapa kwetu. Gabro ni ndugu wa jiwe la Karthala: ni uji ule ule wa moto, ila umepoa chini kabisa ya ardhi badala ya juu. Basi barabara na majumba ya Al Wukair yamebebwa na jiwe jeusi lililovuka bahari, na Ngazija, iliyojaa jiwe la namna hiyo, wachota ufuo wao kwa makarai.

Simlaumu yule mama. Mlima ulimchukulia shamba, na sheria imemkataza mchanga bila ya kumpa kitu badala yake. Mzigo uko kwa anunuaye, na anunuaye ni sisi na wenzetu. Kwa hiyo naomba jamaa mzingatie mambo matatu mnapojenga. Kwanza, fundi akileta hesabu, mwulize mchanga watoka wapi, na liandikwe katika mapatano kuwa ni mchanga wa machimbo. Pili, kama fedha haitoshi kwa mchanga huo, punguzeni chumba au ghorofa. Binti hatapungukiwa heshima kwa nyumba ndogo iliyo imara. Tatu, tunapochanga kwa ajili ya kijiji, tusichangie msikiti na barabara tu, bali tufikirie pia kazi ya kuvunja mawe, ili wale wanaobeba magunia pwani wapate mshahara kwa jiwe ambalo limefunika mashamba yao.

Manyahuli ni ardhi isiyouzwa kwa sababu si ya mtu mmoja, ni ya waliopita na ya watakaozaliwa. Ufuo hauna ukoo wa kuusemea hivyo, lakini naona unastahiki hukumu hiyo hiyo. Mwaka 1977 kisiwa kilipoteza mji kwa siku chache, na watu wake wakaurudisha kwa kazi ya miaka. Ufuo ukisha, hakuna wa kuurudisha ila mlima wenyewe, na hakuna kati yetu anayeomba hivyo.

Wassalaam.

Al Wukair, Doha